Ganzi ya Mkono Husema Palipoumia

Soweto Mashariki, katika mtaa wa Kibera mjini Nairobi, nyumba nyingi ni za mabati, na ukingo wa bati hukata kama wembe. Huko tulimkuta mama mmoja afuaye nguo za watu, aliyechanwa kifundo cha mkono. Kidonda kilishonwa katika zahanati, kikapona, majirani wakamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini kidole gumba, cha shahada na cha kati vilibaki na ganzi, na vifungo vya kanzu ya mwanawe vikamshinda.

Ganzi hiyo ilikuwa ushahidi. Mkononi hupita mishipa ya fahamu mikubwa mitatu, kila mmoja na milki yake. Vidole vile, pamoja na upande mmoja wa kidole cha pete, ni vya mshipa wa kati. Kidole cha mwisho na upande wa pili wa kile cha pete ni vya mshipa upitao nyuma ya kiwiko, ule utupao mshtuko tujigongapo mezani. Wa tatu huuzunguka mfupa wa juu ya kiwiko. Mfupa ukivunjika hapo, kiganja huning'inia kisiinuke. Na ikiwa kiwiko bado chanyooka, tabibu hujua kwamba jeraha halikufika kwapani.

Yote haya hupimwa kwa mikono mitupu. Mgonjwa hufumba macho, akaguswa kwa pamba. Huambiwa aunganishe gumba na kidole cha mwisho. Kisha tabibu hugonga taratibu juu ya njia ya mshipa. Pachomapo hadi vidoleni, hapo ndipo.

Kuchua kwa mafuta miezi kadhaa kunatusikitisha, si kwa kuwa mafuta yana dhara, bali kwa kuwa msuli uliokosa mshipa wake mwaka mzima na zaidi hunyauka. Hospitali za Mbagathi na Kenyatta haziko mbali na Kibera.

Akina mama wenzetu, mtazameni pia mchanga aliyezaliwa kwa shida, mkono wake mmoja ukawa umelegea na kugeukia ndani. Wengi hupona wenyewe. Asiyekunja kiwiko afikapo miezi 3 aonwe na bingwa.

Mama yule ameshaunganishwa mshipa. Hukua kama milimita 1 kwa siku, na kutoka kifundo hadi ncha ya kidole ni kama sentimita 17. Anahesabu.