Mihayo Kazembe, kapiteni aliyegeuka antreneri

Ekipe kubwa ya inchi yetu ikikosa antreneri, macho yanaangalia inje. Hatuwezi kucheka ile desturi, maana TP Mazembe iliipatia faida: kombe la Afrika la 2009 lilikuja na Diego Garzitto, la 2010 na Lamine N'Diaye wa Senegal, la 2015 na Patrice Carteron, na Kombe la Shirikisho la 2016 na Hubert Velud. Wote wageni.

Pamphile Mihayo Kazembe alikuwa ndani ya kiwanja wakati wa yale mawili ya kwanza. Muchezaji wa katikati, mutu asiye na makelele. Trésor Mputu alipofungiwa 2010, Mihayo ndiye aliyevaa kitambaa cha kapiteni kule Abu Dhabi. Wasomaji wengi wa Bunia wanakumbuka mwezi wa 12 ule: Pachuca 1-0, Internacional ya Brazil 2-0, kisha fainali. Inter ya Milan ilitupiga 3-0, ndiyo, lakini mbele ya hapo hakuna ekipe ya Afrika iliyokuwa imefika fainali ya dunia. Hapa motari walipiga honi kama vile tumeshinda.

Alipoacha kucheza hakuenda mbali. Alibaki katika nyumba ileile, akijifunza kazi pembeni ya wengine. Ile kazi haionekani: kupanga mazoezi, kuandika, kunyamaza bosi anaposema.

Mwanzo wa 2017 mambo yakaharibika. CAPS United ya Zimbabwe iliwatoa Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa kwa goli la ugenini, 1-1 Lubumbashi na 0-0 Harare. Mufaransa Thierry Froger akaondoka. Watu walingojea mugeni mwingine. Wakapewa mutoto wa nyumba.

Mazembe ilishushwa kwenye Kombe la Shirikisho, na Mihayo akaipeleka mpaka fainali na SuperSport United ya Afrika ya Kusini. Kamalondo, 2-1. Halafu Pretoria, siku ya posho tarehe 25 mwezi wa 11, 2017: dakika 90 za kujikinga, 0-0, kombe likarudi Lubumbashi. Kwa maoni yetu, ile 0-0 ndiyo muchezo wake mukubwa kama antreneri, hata kama hauna goli la kuonyesha kwenye televizio.

Ndugu zetu wa Tanzania wanamukumbuka kwa sababu ingine. Mwezi wa 4, 2019, Simba ilitoka 0-0 Dar es Salaam na kufika Lubumbashi na matumaini. Okwi alifunga mapema kabisa. Mazembe ikajibu mara nne. Kisha nusu fainali, Espérance ya Tunis ikawazuia kwa goli moja tu katika michezo miwili.

Hapa Bunia, jioni, tunaona wachezaji wa zamani wakifundisha watoto kwenye viwanja vya vumbi, wengine watoto waliokimbia vita katika vijiji vyao. Wanaleta mipira yao wenyewe. Ujuzi wanao. Lakini ukiwauliza diploma ya antreneri, wengi wanacheka: formation inafanywa mbali, tiketi ya ndege ni yao, na hakuna kilabu inayowaweka kwenye benchi miaka ya kutosha wajifunze, kama Mazembe ilivyofanya na kapiteni wake.