Kinamasi Ndani ya Chupa: Mmea Unaokula Wadudu

Msomaji, kila mwezi tunakuhimiza utie mbolea. Tunakuambia utie samadi katika mahindi na mbolea ya dukani katika chai, na usiache shamba na njaa. Leo nakuletea habari za mmea ambao ukiutia mbolea unakufa. Hauna mizizi, wala haukai udongoni. Huelea majini, na hupata sehemu ya chakula chake kwa kukamata wadudu.

Kuutunza nyumbani hakuhitaji fedha. Unahitaji chupa tupu ya plastiki ya lita 5, mchanga, maji ya mvua, na subira. Watoto wataupenda sana, lakini usidhani kuwa ni mchezo wa watoto tu. Mwisho wa habari hii utaona kwamba jambo hili lahusu pia maji ya nyumba yako na ya ng'ombe wako.

MMEA GANI HUU?

Mimea inayokula wadudu iko ya namna nyingi duniani. Mwaka wa 1875 Charles Darwin, mtaalamu wa Kiingereza, alitoa kitabu kizima juu yake. Aliweka vipande vidogo vya nyama na ute wa yai juu ya majani ya mmea uitwao drosera, akaona majani yanavikumbatia na kuviyeyusha. Drosera ina nywele nyekundu zenye matone yanayong'aa kama umande, na mdudu akitua hapo hunata. Hata Afrika ya Mashariki tunayo drosera, katika vinamasi vyenye udongo wa asidi.

Lakini mmea ninaokusudia leo ni mwingine, jina lake utrikularia. Huota katika madimbwi na vinamasi vingi vya Afrika ya Mashariki, penye maji yaliyotulia. Majani yake ni membamba kama nyuzi, na wakati wa kuchanua hutoa ua dogo juu ya maji. Aina nyingi zinazoelea zina maua ya njano, yanayofanana kidogo na ua la kunde. Ukiinua uzi mmoja na kuutazama vizuri, utaona vifuko vidogo vingi, vingine vikubwa kama punje ya wimbi. Vifuko hivyo ndivyo mitego.

Mtego hufanya kazi hivi. Mmea husukuma maji nje ya kifuko mpaka mbavu zake zinabonyea ndani. Mlangoni pana nywele fupi. Kidudu cha majini kikigusa nywele hizo, mlango hufunguka, kifuko hujaa maji kwa ghafla, na kidudu huvutwa ndani pamoja na maji. Halafu mlango hufungwa. Hayo yote hutendeka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Jicho la mtu haliwezi kuyaona. Baadaye mmea huyeyusha kidudu kile polepole na kutega tena.

Kwa nini mmea ufanye kazi yote hii? Kwa sababu maji unamoishi ni maskini. Hayana naitrojeni na fosforasi ya kutosha. Mahindi yangekufa njaa mahali hapo. Utrikularia umepata njia yake, nayo ni kula kilicho hai.

CHUPA NA CHAI NI NDUGU

Kabla ya kuanza kazi, yafaa ujue bustani ya kioo ilivyoanza. Mwaka wa 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alifunika buu la nondo pamoja na udongo wenye unyevu ndani ya chupa. Alitaka kumwona nondo akitoka. Badala yake akaona jani la nyasi na mche mdogo wa jimbi ukiota. Unyevu ulipanda mchana, ukagusa kioo, ukarudi udongoni, na mimea ikaishi bila kumwagiliwa. Ward akatengeneza masanduku ya kioo, na mwaka wa 1833 akapeleka mimea kwa meli mpaka Australia. Mingi ikafika hai.

Sasa sikiliza, mkulima wa chai. Kati ya mwaka 1848 na 1851 Robert Fortune alitumia masanduku ya namna hiyo kuchukua miche ya chai kutoka China kuipeleka India. Kutoka India chai ililetwa Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 mashamba makubwa yakaanza hapa kwetu Kericho. Hata leo, vipandikizi vyetu vya chai vya jani moja tunavifunika kwa nailoni kitaluni mpaka vishike mizizi. Kanuni ni ile ile ya Ward: unyevu usitoke, jua kali lisiingie. Kwa hiyo anayejua kutunza kitalu cha chai ana nusu ya maarifa ya kazi hii.

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Twaa chupa ya plastiki iliyo safi na inayopenya mwanga, ya maji ya kunywa au ya mafuta ya kupikia. Ikiwa ilikuwa ya mafuta, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha uisuuze mara nyingi. Chupa iliyotiwa dawa ya mashamba usiitumie kabisa.

2. Kata sehemu ya juu kwa kisu kikali, ukiacha chombo chenye kimo cha inchi 8 au 9. Mtu mzima na akate, si mtoto.

3. Chukua mchanga wa mtoni uuoshe mpaka maji yatoke meupe. Usichanganye na samadi, majivu, wala udongo wa bustani. Uweke upande mmoja wa chombo, uwe kama kilima kidogo kinachoteremka, na upande wa pili uwe bonde.

4. Juu ya kilima tandika yale majani mafupi ya kijani yanayoota kama zulia juu ya mawe yenye unyevu. Kipande cha ukubwa wa kiganja chatosha.

5. Mimina maji ya mvua polepole mpaka bonde lijae kimo cha inchi 4, na kilele cha kilima kibaki juu ya maji. Maji ya bomba yametiwa dawa, na ya kisima kirefu mara nyingi yana chumvi, usiyatumie. Maji ya tangi jipya la saruji pia hayafai, kwa kuwa saruji hutoa chokaa. Kinga maji ya bati baada ya mvua kuosha paa.

6. Acha chombo siku tatu mpaka maji yatulie na kuwa meupe. Kisha tia nyuzi mbili au tatu za utrikularia, kila moja urefu wa kidole. Usizizike mchangani. Ziache zielee.

7. Funika mdomo wa chombo kwa kipande cha chandarua, ukaze kwa mpira. Usisahau jambo hili. Maji yaliyotulia ni kitanda cha mbu, nasi watu wa milima hii tumewahi kupatwa na malaria ya mlipuko. Ni kweli kwamba utrikularia wenye vifuko vikubwa huweza kukamata mabuu madogo ya mbu, lakini usiutegemee kazi hiyo.

8. Weka chombo dirishani panapopata jua la asubuhi kwa saa mbili au tatu. Jua la adhuhuri lisikifikie.

Chora alama kwa kalamu penye kimo cha maji, na yakipungua ongeza ya mvua. Mara moja kwa juma tia kijiko kimoja cha maji ya dimbwi yenye vidudu vidogo vinavyorukaruka. Hicho ndicho chakula chake. Usitie nyama, maziwa, wala ugali, vitaoza. Baada ya siku chache weka uzi mmoja katika kisahani cheupe chenye maji, uutazame kwa kioo cha kukuzia. Kifuko kilichokula huonekana cheusi.

MAKOSA YALIYONIPATA

Nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, na mwalimu hapaswi kuficha makosa yake. Chupa yangu ya kwanza niliitia chembe chache za mbolea, kwa kuwa niliona mmea umedhoofika. Baada ya siku kumi maji yalikuwa ya kijani kama supu ya mboga, na utrikularia ukaoza. Mbolea ilikuwa imelisha ukoga, nao ukoga ukaunyima mmea mwanga. Chupa ya pili niliifunga kifuniko cha plastiki nikaiacha juani. Nilirudi jioni nikakuta mmea umechemka. Ya tatu ndiyo iliyoishi.

MTARO WA JIRANI

Mmea wa chupa ya tatu niliupata kwa mzee jirani yangu. Mwaka juzi, mwezi wa Septemba, niliteremka kwake bondeni, chini ya chai yake. Palikuwa na kidimbwi kisichozidi zizi la ndama, na maua ya njano yamesimama juu ya maji. Nikamwomba ruhusa.

"Chukua, Mwalimu," akaniambia. "Chukua unachotaka. Mwezi ujao nachimba mtaro nipakaushe hapa, nipande blugamu. Kiwanda chataka kuni."

Nilimwambia maneno machache, lakini sikusisitiza. Mtaro ukachimbwa. Kidimbwi kikaondoka, na maua yakaondoka pamoja nacho. Ilipofika Januari, chemchemi iliyo chini ya bonde, ambapo nyumba kadhaa huteka maji, ikawa tope. Ng'ombe wakawa wanapelekwa mtoni, na watoto wakichelewa shule kwa sababu ya mitungi.

Jioni moja mzee alikuja kwangu kwa shauri la karatasi zake za chai. Akaiona chupa dirishani. Binti yangu, mwenye miaka kumi, akamweleza habari za mitego yote.

"Umetoa wapi kitu hiki?" mzee akauliza.

"Kwako, Babu," mtoto akajibu. "Kilikuwa katika kinamasi chako."

Mzee akanyamaza. Mtoto hakujua kwamba amesema neno zito. Akaingiza mkono ndani ya chombo, akatoa lile zulia la kijani lililokuwa juu ya kilima, akalifinya. Maji yakatoka mpaka yakalowesha meza. Kipande chenyewe kilikuwa cha kiganja kimoja tu.

"Mwalimu," mzee akasema, "na kinamasi changu kilikuwa kimeshika maji kiasi gani?"

Nikamjibu kwamba sijui kiasi, ila najua kilikuwa kikiyaachia polepole wakati wa kiangazi, na mtaro uliyaachia yote kwa mara moja.

Mwezi wa Machi, kabla ya mvua za masika, yeye na wanawe waliziba mtaro kwa vigingi na mabonge ya majani. Miche ya blugamu waliihamisha juu, kwenye mteremko mkavu mbali na maji. Mvua ilipojaza kidimbwi, binti yangu alirudisha nusu ya utrikularia wetu mahali ulipotoka. Januari ya mwaka huu chemchemi ilipungua, lakini haikukauka.

MAMBO MATATU YA KUKUMBUKA

Kwanza, chukua kidogo. Nyuzi mbili zatosha, maana mmea huu hukua upya kutoka kipande. Omba ruhusa ya mwenye ardhi, na usiguse mimea ya msitu wa hifadhi. Drosera usiing'oe kabisa, ni haba.

Pili, usimwage mmea wa chupa katika mto au bwawa jingine. Urudishe ulipotoka tu, na kama umekwisha kuchanganywa na mimea ya mahali pengine, ukaushe juani. Magugu maji yaliyoleta taabu kubwa katika Ziwa Victoria tangu karibu mwaka 1990 si mimea ya Afrika. Yaliletwa na watu kwa sababu ya uzuri wa maua yake.

Tatu, kabla ya kuchimba mtaro, uliza. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 hairuhusu mtu kukausha kinamasi bila kibali cha maandishi kutoka NEMA. Afisa wa kilimo wa wadi yako atakuonyesha mahali pa kupanda miti ya kuni pasipodhuru maji.

Mkulima mwema hujua shamba lake linataka nini. Chai yataka mbolea, na mahindi yataka samadi. Kinamasi chataka kuachwa. Tengeneza chupa yako mwezi huu, uiweke dirishani, na jirani akiuliza ni kitu gani, mweleze.