Mota Yalia, Mashua Haiendi

Wengi wetu tunaofanya kazi kandokando ya Ziwa Tanganyika twaizoea njia ya maji kuliko njia ya gari. Toka Kalundu mpaka Baraka, hata kuzunguka rasi ya Ubwari, mapadri na makatekista hupanda mashua ya mbao yenye mota nyuma, pamoja na akina mama wa ndagala, magunia ya mihogo, na wagonjwa. Katika seminari tulifundishwa mengi, lakini masini hatukufundishwa. Kwa hiyo twataka kueleza hapa ugonjwa mmoja wa mota: mwendo wa polepole ni mzuri, lakini ukiongeza gazi, nguvu ya kusukuma inapotea.

Jambo lililotupata

Siku moja tulitoka Kalundu asubuhi, watu kumi na wawili pamoja na mzigo. Ilikuwa wakati wa kiangazi, na upepo wa kusini ulianza kuinua mawimbi kabla hatujafika Makobola. Nahoza akaongeza gazi ili tupite upesi. Mota ikapiga kelele kubwa, lakini mashua ikabaki palepale, na mawimbi yakaanza kutusogeza penye mawe. Sisi sote tukasema: esansi ni mbaya. Tukafungua bujia, tukazipangusa, tukabadili bidoni. Saa nzima ikapita bure. Kisha mzee mmoja mvuvi, aliyekaa kimya mbele, akatuuliza: "Padri, masini hii sauti yake inapanda, ama inashuka?" Tukajibu: "Inapanda, mzee." Akasema: "Basi acheni esansi. Tazameni nyuma."

Alisema kweli. Tukaenda polepole kabisa, gazi kidogo tu, na elisi ikashika. Tukafika pwani sote wazima. Tangu siku ile tumejifunza kuuliza swali la mzee kabla ya kushika ufunguo wowote.

I. Sauti inapanda, mashua haiendi

Mota ikizunguka haraka kuliko desturi, maana yake ni nyepesi: yenyewe ina nguvu, lakini nguvu hiyo haifiki majini. Sababu ni tatu hasa.

1. Mpira wa elisi umelegea. Katika elisi nyingi, kati ya chuma cha katikati na mabawa, mna mpira ulioshindiliwa kwa nguvu. Umewekwa kusudi: elisi ikigonga jiwe, mpira unateleza, na meno ya ndani hayavunjiki. Lakini ukizeeka, au ukipigwa mara nyingi, unateleza hata pasipo jiwe. Gazi kidogo, unashika. Gazi nyingi, unaachilia. Ndiyo iliyotupata sisi. Namna ya kuhakikisha ni rahisi: piga mstari mmoja wa rangi toka chuma cha katikati mpaka sehemu ya nje ya elisi. Jaribu mashua kwa nguvu, kisha tazama. Kama mstari umekatika na vipande viwili haviko sawa, mpira umekwisha. Hapo sharti elisi ipelekwe kwa fundi au ibadilishwe.

Mota ndogo za zamani hazina mpira huo, zina pini. Pini ikikatika, elisi haisukumi hata kidogo. Chukueni pini za akiba. Msitie msumari wa chuma kigumu mahali pake, kwani siku ya jiwe msumari hautakatika, yatavunjika meno.

2. Elisi inakula hewa. Elisi hushika maji kama parafujo inavyoshika ubao. Ikivuta hewa toka juu, inazunguka katika povu, nayo povu haishikiki. Hutokea mota ikifungwa juu mno, au ikiinamishwa nje sana, au watu wote wakienda mbele na nyuma ya mashua ikainuka. Tazameni bamba lililolala juu ya elisi: lapaswa kuwa karibu sawa na chini ya mashua, au kushuka chini yake kidogo. Kuna mota za mguu mfupi, kadiri ya sentimita 38, na za mguu mrefu, kadiri ya 51. Mguu mfupi juu ya ubao mrefu utakula hewa daima. Mkiwa safarini, punguzeni gazi mpaka maji yarudi, sogezeni mzigo kidogo nyuma, kisha ongezeni polepole.

3. Elisi imefungwa au imeharibika. Majani, mifuko ya plastiki, na vipande vya nyavu huizinga. Tena maji ya ziwa yalipanda sana mwaka 2021 na 2024, yakaingia katika nyumba na mashamba ya pwani ya Uvira. Nguzo au kisiki kilichobaki chini ya maji chaweza kupinda bawa. Zimeni mota kabisa na kuondoa waya wa bujia kabla ya kutia mkono. Uzi wa nailoni utolewe wote, kwani hukata mpira unaozuia maji. Mafuta ya meno yakiwa meupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia.

II. Sauti inashuka

Kama mota inalegea, inakohoa, au inataka kuzima unapoongeza gazi, ugonjwa uko mbele: esansi au moto.

Anzeni na jambo dogo: tundu la hewa juu ya kifuniko cha bidoni. Likifungwa, esansi haitoki vizuri, na kipira cha kuvutia esansi hunywea. Halafu, mota inapolegea, mtu mmoja akikamue kipira hicho kwa mkono. Nguvu ikirudi, mota ilikuwa na njaa: tazameni tiyo kama inaingiza hewa, filtri kama imeziba, na pompi kama imechoka.

Esansi ya chupa za kando ya barabara mara nyingine ina maji. Mimineni kidogo katika chupa nyeupe, ngojeni: maji hukaa chini. Mwisho toeni bujia. Moja ikiwa imelowa na nyingine ni kavu, silinda moja haifanyi kazi. Bujia zikiwa nzuri, tundu dogo la karabirateri huenda limeziba. Tena mota nyingine za siku hizi hujipunguzia mwendo zenyewe zikipata joto kupita kiasi: angalieni kama maji ya kupoza yanatoka.

III. Mota ni nzima, lakini mzigo ni mkubwa

Ziwa letu liko kadiri ya mita 770 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, na mota yapoteza kadiri ya saba au nane kwa mia ya nguvu yake. Tena kila elisi ina namba mbili: upana, na hatua, yaani ingesogea inchi ngapi kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu. Hatua ndefu yafaa mashua nyepesi. Mashua ya mizigo yataka hatua fupi. Lakini pasiwe na udanganyifu: hakuna elisi inayoponya mashua iliyojaa kupita kiasi. Desemba 2014 meli MV Mutambala ilipinduka karibu na Kalemie, ikielekea Uvira, na watu zaidi ya 100 wakafa. Upepo ulikuwa mkali, na chombo kilikuwa kimejaa.

Kwa kumaliza

Kila parokia yenye mashua iweke sanduku moja: elisi ya akiba, pini, bujia mbili, ufunguo wake, kisu, kamba, na tochi. Kasia zisisahauliwe, wala jile za kuokolea, moja kwa kila mtu. Na nahoza akisema upepo ni mbaya, padri asimhimize kwa sababu ya saa ya misa. Wakristo wa ng'ambo watangoja. Wamezoea kungoja, nao wapenda zaidi kutuona tukifika.