Je, Wajua? Visiki Vilivyorudisha Misitu Shinyanga

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya miti iliyorudi Shinyanga haikupandwa na mtu? Serikali ya kikoloni ilifyeka mapori kupambana na mbung'o, pamba ikameza mengine, kisha operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ikawatenga wafugaji na ngitili zao, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga masika na kuyafungua kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizobaki zilikuwa kama hekta 600 tu. Ulianza na vitalu vya miche, lakini jibu lilikuwa ardhini: visiki na mizizi ilikuwa hai bado, na ng'ombe akizuiwa, machipukizi huinuka yenyewe. Miaka ya mwanzo ya 2000 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Atauliza mtu: kama maarifa ya ngitili ni ya wazee, sayansi ilifanya nini? Ilipima, ikalinganisha aina za miti na kueneza kilichofaa. Dagashida, baraza la jadi, likatoza faini waliovunja mipaka. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwenye ng'ombe wengi alifaidi kuliko maskini. Ni kweli, na hekta peke yake hazipimi haki. Tena misitu bado inakatwa: Bukombe, iliyokuwa mkoani Shinyanga hadi 2012, sasa iko Geita, ambako wachimbaji wadogo hushikilia kuta za mashimo ya dhahabu kwa magogo, na magogo hayo hukatwa msituni.