Mtoto Mwenye Selimundu: Mama na Mtafiti Wanahitajiana

Usiku wa manane, katika chumba cha kupanga huko Mbagala Kizuiani, mtoto analia. Vidole vya mikono na miguu vimevimba, wala hataki kuguswa. Mama amemkanda, amempa dawa ya maumivu, amembembeleza, kilio hakikomi. Kutakapopambazuka, jirani atamwuliza kama amekwisha kumpeleka kwa mganga. Mama mkwe atasema kwamba katika ukoo wao hakuna maradhi ya namna hiyo. Na mume ataondoka kwenda kazini bila kusema neno.

Mama huyo hatumtaji jina, kwa sababu ni wengi. Huenda ni wewe unayesoma.

Ugonjwa huo ni selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, hupinda zikawa kama mundu. Hukwama katika mishipa myembamba, na hapo ndipo maumivu yanapoanza. Tena hufa upesi, ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano.

Katika Ulaya na Marekani ugonjwa huu huhesabiwa kati ya magonjwa adimu. Kwetu si adimu hata kidogo. Inakadiriwa kwamba watoto 11,000 hivi huzaliwa nao kila mwaka nchini Tanzania. Wasipotibiwa, wengi wao hawafikishi miaka 5.

Ni nani aliyeuleta?

Swali la lawama ni la kale. Hata wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua kosa lilikuwa la nani, naye hakukubali lawama hiyo. Juu ya selimundu, wataalamu nao wanatupa jibu lililo wazi.

Mtoto huwa na selimundu anapopokea urithi wenye kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Aliyeupokea upande mmoja tu ni mbebaji. Kwa kawaida huwa mzima, wala hajijui. Wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa, nafasi 2 kati ya 4 za kupata mbebaji, na nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto asiye na urithi huo kabisa. Basi, je, mume aweza kumwambia mkewe, “Umeniletea maradhi”? Hawezi. Wala mke hawezi kumwambia mumewe hivyo.

Na kwa nini urithi huu uko kwetu hasa? Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alieleza jambo la ajabu baada ya kupima damu za watu wa Uganda, Kenya na Tanganyika. Aligundua kwamba wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria. Hivyo urithi huu ulibaki katika damu yetu kwa sababu uliwaokoa babu na bibi zetu. Hakuna aibu ndani yake.

Muhimbili na Temeke

Mwaka 2004 huko Muhimbili, Dk. Julie Makani na wenzake walianza kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia. Kufikia 2009 walikuwa wamewaandikisha 1,725. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba vifo vilizidi sana miongoni mwa watoto walio chini ya miaka 5. Jambo hilo halikujulikana kwa darubini peke yake. Lilijulikana kwa sababu akina mama walikubali kurudi kliniki, siku ya mvua na siku ya jua, na kusema yaliyompata mtoto.

Likazuka swali: ikiwa wanaokufa zaidi ni wadogo, kwa nini tungoje mpaka waugue? Kati ya 2015 na 2016 watoto wachanga 3,981 walipimwa huko Muhimbili na katika hospitali ya Temeke, ambayo akina mama wengi wa Mbagala wanaifahamu. Watoto 31 walikutwa na selimundu, na wengine 505 walikuwa wabebaji. Wengi wa wale 31 waliandikishwa mapema kwa matibabu.

Lakini hebu fikiri. Mtoto mchanga mwenye selimundu anaonekana mzima kabisa, kwa maana damu aliyotoka nayo tumboni humlinda kwa miezi ya kwanza. Mara nyingi dalili huanza karibu na miezi 6. Mama anaambiwa kwamba mtoto wake anayenyonya vizuri na kunenepa ni mgonjwa. Ni nini kitakachompandisha daladala kwenda kliniki, ilhali haoni ugonjwa wowote? Ni kuaminiana tu. Mashine hupima damu, lakini haiwezi kumfanya mama aamini.

Mfano mwingine ni wa jirani zetu. Wataalamu walihofu kwamba dawa iitwayo hidroksiurea, iliyowasaidia wagonjwa wa Marekani, ingeweza kuwadhuru watoto wa nchi zenye malaria. Wazazi wa Kilifi nchini Kenya, wa Mbale nchini Uganda, na wengine wa Kongo na Angola, walikubali watoto wao wafuatiliwe. Watoto 606 walipewa dawa hiyo. Matokeo yaliyotangazwa Desemba 2018 yalionyesha kwamba maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, na hata malaria na vifo vilipungua. Wazazi wale walifungua mlango kwa ajili ya watoto wetu sote.

Haki yako mbele ya mtafiti

Hatusemi kwamba kila anayekuja na sindano apewe mkono wa mtoto. La! Utafiti wa afya hapa nchini wapaswa kuwa na kibali, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ni mojawapo ya vyombo vinavyokitoa. Uliza: Damu hii ni ya nini? Itatunzwa wapi? Majibu nitayapata lini? Una haki ya kukataa, au kujitoa baadaye, na mtoto wako aendelee kutibiwa kama kawaida. Usipoelewa, omba uelezwe tena. Hilo si utovu wa adabu.

Naye mtafiti anahitaji kitu ambacho ni wewe tu uliye nacho. Weka daftari. Andika siku ya homa, siku ya maumivu, yalianzia wapi, na siku mtoto alipoongezewa damu. Nenda nalo kliniki.

Nyumbani, mpe mtoto maji mara kwa mara, mfunike asipigwe na baridi, na alale ndani ya chandarua. Usikatize penisilini na foliki asidi alizoandikiwa na daktari, hata anapoonekana mzima. Homa kwa mtoto huyu si ya kungojea kesho; mkimbize hospitali. Fanya hivyo pia akihema kwa shida, akipauka ghafula, au tumbo likivimba upande wa kushoto, kwenye bandama.

Na baba je? Aje kliniki. Apimwe damu pamoja na mama, wasikie majibu wakiwa wameketi bega kwa bega. Tunajua akina mama waliobeba mzigo huu peke yao kwa miaka, kisha mume alipoyasikia maelezo kwa masikio yake mwenyewe, lawama zikaisha siku ile ile.

Tarehe 19 Juni ya kila mwaka ulimwengu huikumbuka selimundu. Usingoje siku hiyo. Ikiwa jirani yako ana mtoto anayelia usiku, kesho mbishie hodi. Usimwulize amekosa nini. Mwulize kama mtoto amepimwa, na kama hajapimwa, fuatana naye.