Kuingiliwa kwa mnada (briji)

Kuingiliwa kwa mnada katika mchezo wa briji ni hali ambapo wapinzani wanatangaza katikati ya mawasiliano ya wenzi wanaotumia matangazo ya makubaliano. Tangazo la makubaliano lina maana maalumu waliyopatana wenzi: kwa mfano, "4 bila turufu" mara nyingi ni swali, si nia ya kucheza mkataba huo. Wapinzani wakiingilia, jibu la kawaida linaweza kukosa nafasi, hivyo wenzi hupatana mapema namna nyingine ya kujibu.

Misingi ya mnada

Briji huchezwa na watu 4, wawili dhidi ya wawili, kwa karata 52. Aina za karata kuanzia ya chini ni pau (♣), uru (♦), kopa (♥) na shupaza (♠). Juu yake kuna "bila turufu". Majina hayo ya Kiswahili, pamoja na neno turufu, yana asili ya Kireno. Kuna ngazi 7, yaani matangazo 35, na kila tangazo lazima lizidi lililotangulia. Mchezaji anaweza pia kusema pasi, dabo (kuongeza thamani ya mkataba wa wapinzani pamoja na adhabu ukishindwa) au ridabo (kuiongeza tena baada ya dabo).

Mpinzani akitangaza aina, anaziba baadhi ya majibu. Akisema dabo, hazibi kitu. Badala yake anawapa wenzi majibu mapya mawili, pasi na ridabo.

Swali la Blackwood

Easley Blackwood wa Marekani alibuni swali hili mwaka 1933. Mchezaji anayefikiria mkataba wa kushinda mizunguko 12 kati ya 13 hutangaza 4 bila turufu ili kujua mwenzake ana ree (A) ngapi. Majibu ya kawaida ni:

- 5♣: hana, au anazo zote 4
- 5♦: ree 1
- 5♥: ree 2
- 5♠: ree 3

Tuseme mpinzani anaingilia kwa 5♦. Majibu mawili ya kwanza hayawezekani tena. Mfumo wa DOPI hutatua hivi:

- dabo: hana ree
- pasi: ree 1
- 5♥ (hatua ya kwanza inayofuata): ree 2
- 5♠ (hatua ya pili): ree 3

Jibu likiwa dabo, muulizaji anaweza kusema pasi na kuwaacha wapinzani wacheze 5♦ kwa adhabu. Kama mpinzani alisema dabo juu ya 4 bila turufu, hutumika ROPI: ridabo ni hana, pasi ni ree 1, 5♣ ni ree 2, 5♦ ni ree 3.

Bila mapatano hayo, mmoja anaweza kusema pasi akimaanisha ree 1, mwenzake akadhani hana. Wenzi watakosa mkataba mkubwa, au watapanda hadi mizunguko 12 huku wapinzani wana ree 2.

Swali la Stayman

Baada ya mwenzi kufungua kwa 1 bila turufu, 2♣ huuliza kama ana karata 4 za kopa au shupaza. Mpinzani akiwahi kutangaza 2♣ kwanza, wenzi wengi hutumia dabo kuuliza swali lilelile.

Uwazi

Makubaliano hayaruhusiwi kuwa siri. Kwa mujibu wa sheria za briji, wapinzani wana haki ya kuelezwa maana ya kila tangazo, ikiwemo pasi na dabo.