"Picha ya Canaletto": A-unganifu Mnadani

Kirai "picha ya Canaletto" kina maana zisizopungua tatu: picha aliyoichora Canaletto, picha anayoimiliki, na picha inayoonyesha sura yake. Darasani utata huu hutajwa chini ya a-unganifu, kisha mwalimu akaendelea na mada nyingine. Mfasiri wa orodha ya mnada hana nafasi hiyo, kwani mnunuzi hutoa fedha zake kwa kutegemea kirai hicho.

Giovanni Antonio Canal, maarufu kwa jina la Canaletto, alizaliwa Venice, Italia, mwaka wa 1697 na kufariki huko huko mwaka wa 1768. Alichora mandhari ya mji wake: mifereji ambayo ndiyo barabara, mashua, makanisa na majumba ya kifahari kandokando ya maji. Wanunuzi wake wakubwa walikuwa Waingereza. (Wengi hudhani kuwa lakabu yake imetokana na mifereji hiyo. La hasha. Canal ni jina la ukoo. Baba yake, Bernardo Canal, alikuwa mchoraji pia. Kiambishi tamati cha Kiitaliano -etto huonyesha udogo, kama ki- yetu katika "kitoto".)

Aliigwa sana, enzi za uhai wake na baadaye. Hata mpwa wake, Bernardo Bellotto, alitumia jina la Canaletto alipofanya kazi nje ya Italia. Ndiyo maana picha nyingi za mifereji ya Venice hufika mnadani zikiwa na jina hilo kwa namna fulani. Mwezi wa Julai 2025, picha ya Canaletto mwenyewe iliuzwa na Christie's mjini London kwa takriban pauni milioni 32. Picha ya mfereji kama huo iliyochorwa na mwigaji asiyejulikana hupata sehemu ndogo sana ya bei hiyo.

Nyumba za mnada hujikinga kwa maneno. Jina la msanii likiandikwa peke yake, maana yake ni kwamba, kwa maoni yao, kazi ni ya mkono wake. Likitanguliwa na neno lolote, dhamana inapungua, na hapa ndipo wanafunzi wetu wa tafsiri hurundika kila kitu katika "ya". Kazi inayoelekea kuwa yake, bila uhakika kamili, napendekeza tuiite "inayonasibishwa na Canaletto". Iliyotoka kwa wasaidizi wake, pengine chini ya uangalizi wake, ni "ya karakana ya Canaletto". Tusiseme "warsha", kwa kuwa msomaji wa leo atafikiria semina. Ya mtu wa zama zake aliyeathiriwa naye inahitaji maelezo marefu kidogo, kwani "duru" imeshachukuliwa na wanahabari. Kwa aliyefuata mtindo wake, "mfuasi" linapotosha kidogo: linadokeza mwanafunzi wake, ilhali si lazima awe amefunzwa naye. Mimi hupendelea "mwigaji". Iliyochorwa miaka mingi baadaye ni "kwa mtindo wa Canaletto".

Gumu kuliko yote ni lile neno la Kiingereza ambalo kamusi hulipa maana ya "baada ya". Nimesahihisha tafsiri nyingi zenye "baada ya Canaletto", kana kwamba ni suala la tarehe. Katika orodha ya mnada neno hilo lina maana ya nakala ya kazi yake inayojulikana, iwe imenakiliwa wakati wowote ule. "Nakala ya kazi ya Canaletto" inatosha, na a-unganifu ya pili haina utata tena.

Saini nayo ina sarufi yake. "Imetiwa saini na Canaletto" ni kauli ya kutendwa yenye mtenda, hivyo inathibitisha ni nani aliyeitia. "Ina saini ya Canaletto" inasema tu kwamba jina lipo pale. Huenda liliandikwa na mkono mwingine. Orodha hutenganisha hali hizi mbili kwa makusudi, na mfasiri akizichanganya amempa mnunuzi dhamana ambayo muuzaji hakuitoa.